Bwera Walianzia Mwisho

Filamu nzuri sijaiona bado. Nasema hivi nikiwa mtu aliyesimama kando ya pazia la sinema pale Kasese kila Jumamosi kwa miaka mingi, nikalipwa kwa kuzitazama, na kabla ya hapo nikazitazama tangu utotoni kwa pesa za mama. Watu husema nina ulimi mchungu. Mtu aliyelishwa shubiri miaka yote hiyo mlitaka ateme asali?

Nianze na za Kihindi, maana ndizo zilizonilea. Mwenye ukumbi wa kwanza alikuwa Mhindi wa duka la vitambaa, na miaka ya sitini yote tulikula alichopika yeye. Mama analia. Ndugu wawili wanapotezana wakiwa wadogo. Mmoja anakuwa polisi, mwingine mwizi, na katikati yao kuna msichana anayekimbia kuzunguka mti. Wimbo mmoja, mashati matano. Mimi nimezaliwa kambi ya polisi. Polisi nawajua, na wezi pia nawajua, maana ndio waliofagia uwanja wetu kila asubuhi, na sikumwona hata mmoja aliyeanza kuimba alipokamatwa.

Za kauboi zilikuwa na aibu yake. Bastola ni ya risasi sita, na hilo kila askari aliyekaa ukumbini alilijua kuliko jina la mkewe. Basi kauboi akianza kufyatua, askari wa viti vya nyuma walihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Ikifika saba ukumbi wote ulikuwa unahesabu, na ikifika kumi na tano tulikuwa hatuisikii tena filamu. Huyo kauboi hakujaza bastola, farasi wake hakula majani, na kofia yake haikuanguka hata alipotupwa dirishani. Watu walitoka wakisema filamu ilikuwa tamu. Utamu wa kuhesabu, labda.

Kisha kulikuwa na zile zilizodai kupigwa kwetu. Mzungu na kofia ngumu, simba, ngoma usiku kucha. Waafrika wa humo hutoka kichakani wakipiga kelele za lugha fulani. Siku moja ukumbi ulikuwa na Wakonzo, Watoro, Waganda, Wanubi, Wateso, Waacholi, Walugbara na Wakongo wa ng'ambo, nikauliza kwa kipaza sauti: anayeijua hiyo lugha asimame atusaidie. Hakusimama mtu. Tukaendelea kuwatazama wakibweka.

Miaka ya sabini zikaja za Kichina, na vijana wote wa machimbo ya shaba wakaanza kupiga milango mateke. Watu ishirini wamemzunguka mmoja, na kila mmoja anangoja zamu yake ya kupigwa, kama wagonjwa mbele ya chumba cha daktari. Mimi nimeona watu ishirini wakimpiga mmoja, hapo nje ya soko la Kasese, mchana kweupe. Hawakupanga foleni.

Na za Kifaransa, zilizovuka mpaka kutoka Kongo, hizo ndizo zilizonitoa jasho. Mwanamume anavuta sigara. Mwanamke anatazama dirisha. Wanasema maneno mengi, halafu mwanamume anawasha nyingine. Unakaa unangoja jambo litokee, ghafla taa zinawashwa. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniambia kwamba hiyo ndiyo sanaa. Nikamwambia mjomba wangu anavuta sigara na mkewe anatazama dirisha, na hawatutozi kiingilio.

Sasa niseme kazi yangu ilikuwa nini. Wahindi walipofukuzwa nchini, ukumbi ule alipewa Haji mmoja mfanyabiashara, mwenye malori ya kubeba pamba ya Munkunyu. Haji hakujua sinema, ila alijua biashara. Aliona kwamba nusu ya wateja, askari na wake zao, wachimbaji, wakulima walioshuka kutoka Bwesumbu kuuza kahawa, hawakufahamu hata neno moja la Kiingereza, sembuse Kihindi. Akataka mtu wa kusimama kando ya pazia na kuieleza filamu kwa Kiswahili huku inakwenda. Mimi nilikuwa nimekaa viti vile tangu mdogo nikiwabishia watu. Akaniambia, badala ya kubisha bure, njoo ubishe na kipaza sauti. Watu wakaniita Musemaji.

Kazi ile niliipenda, ingawa filamu zenyewe nilizidharau. Kauboi akisema sentensi mbili, mimi nilisema nne, na zangu zilikuwa bora. Mama wa Kihindi akilia, niliueleza ukumbi ni nini hasa kinachomliza, na mara nyingine sababu yangu ilikuwa ya maana kuliko ya mtunzi. Watu walicheka pale nilipotaka wacheke. Nilikuwa na kiburi, sikatai.

Mtu mmoja tu hakuihesabu kazi ile kuwa kazi, na huyo alikuwa baba yangu. Alikuwa sajini wa polisi, Mteso aliyeletwa magharibi na serikali, na wakati huo alikuwa amehamishiwa Bwera, pale mpakani. Alitaka niingie polisi. Nilipomwambia kuhusu ukumbi alivua kofia, akaiweka mezani, akanitazama.

"Picha iko nasema yenyewe," alisema. "Halafu wewe nasema juu ya picha. Hiyo iko kazi gani?"

"Baba, watu hawasikii Kiingereza."

"Wanaona kwa macho. Mutu akikufa, iko haja ya kuambia watu amekufa?"

Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu duniani: baba aje Kasese, aketi kiti cha mbele, anisikie filamu nzima, kisha aseme kwa mdomo wake kwamba ile ni kazi. Nilimwalika kila nilipomwona. Kila mara alijibu, "Nitakuja," kwa sauti ile aliyoitumia kumjibu mtu aliyeibiwa kuku.

Baba hayupo. Nalisema sasa ili lisimsumbue mtu mbele. Siku moja saa nne asubuhi gari lisilo na namba lilisimama kambini Bwera, wakashuka watu wanne wenye miwani ya jua, wakamwita afande kwa heshima zote, akapanda nao. Mama alikuwa anaanua nguo. Alifikiri ni safari ya kazi, akamuuliza kama atakula mchana, na baba akasema atakula. Hatukumwona tena. Kaburi hatuna, wala barua, wala mtu aliyesema nilimwona mahali fulani. Tulingoja mpaka utawala ule uliofukuza Wahindi ukaanguka, tukaenda kuuliza, na aliyekuwa mezani akatuambia jalada halipo.

Lakini nilikuwa nasema juu ya Bwera, na dharau yangu kubwa kuliko zote ilikuwa kwa watu wa Bwera.

Haji alifungua ukumbi wa pili kule, katika ghala la pamba lililokuwa tupu, karibu na mahali walipokaa wabadilisha fedha. Kumbi zikawa mbili, lakini nakala ya filamu ilikuwa moja. Angeweza kuonyesha Kasese Jumamosi na Bwera Jumapili. Hakukubali. Jumamosi ndiyo siku Wakongo walivuka kuja kununua sabuni na chumvi, na walitakiwa kuvuka tena kabla kizuizi hakijafungwa, kwa hiyo Bwera nako ilikuwa lazima filamu ianze saa nane mchana. Haji akatafuta njia, na njia aliyoipata ingeweza kupatikana na mwenye malori peke yake.

Filamu huja kwa mikanda, kila mkanda katika sanduku lake la bati. Haji aliigawa filamu katikati. Nusu ya kwanza ilianza Kasese saa nane, na nusu ya pili ilianza Bwera saa nane hiyo hiyo. Saa tisa na robo nusu zote mbili zilikuwa zimekwisha. Pikapu ilitoka Kasese na nusu ya kwanza, pikipiki ilitoka Bwera na nusu ya pili, wakakutana njia panda ya Kikorongo, wakabadilishana masanduku, kila mmoja akarudi alikotoka. Wakati huo watazamaji walikula mihogo ya kuchoma na karanga, na Waislamu waliswali alasiri. Haji aliusifu sana mpango wake kwa sababu hiyo ya swala. Saa kumi na nusu mashine zikawaka tena.

Maana yake ni kwamba Kasese tuliiona filamu kama mwenye filamu alivyoitaka, na Bwera waliona mwisho kwanza, kisha mwanzo. Kila Jumamosi. Hakuna filamu hata moja waliyoiona vinginevyo.

Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikadhani Bwera watauvunja ukumbi. Hawakuuvunja. Wakazoea, na baada ya mwaka mmoja wakaanza kusema kwamba ndiyo njia nzuri. Nilikwenda kuwaona kwa macho yangu Jumamosi moja ambayo mashine yetu ilikuwa imeharibika. Ghala lilijaa mpaka milangoni. Msemaji wao alikuwa muuza vitenge wa hapo hapo mpakani, hana kipaza sauti, amepanda juu ya kreti ya soda. Filamu ilikuwa ya Kihindi. Mlango wa nyumba unavunjwa, stelingi, yaani shujaa wa filamu, anapigwa visu, mwili unachukuliwa na mto, mama analia. Watu wakatazama kwa macho makavu. Wakatoka, wakala mihogo, wakarudi, na muuza vitenge akapanda kreti yake.

"Basi, mumeona vile amekufa," alisema. "Sasa mutaona vile alikuwa muzima. Huyu hapa, eko mu ndoa yake. Mumuangalie muzuri, angali nacheka."

Na ghala zima likalia. Harusini! Stelingi anacheza, wapiga ngoma wanatoa jasho, bibi arusi anaona haya, na wanawake wa Bwera wanafuta machozi kwa vitambaa vya kichwa. Alipokula, walitikisa vichwa. Alipomtania mama yake kuhusu chumvi, mzee mmoja wa Kikonzo mbele yangu alishika mdomo. Ile sehemu ya chumvi Kasese tungeipita kwa kupiga miluzi. Nikamtafuta baba kwa macho, nikamwona kwenye benchi la pili, amevaa sare, na uso wake umelowa. Sajini mzima.

Sikuvumilia. Tulipotoka nje nilimwambia, mbele ya wenzake wawili, kwamba Bwera ni mji wa watu wanaomla ng'ombe kuanzia mkiani.

"Wewe nasema sisi iko wajinga?"

"Sijasema wajinga, Baba. Nimesema mmeanzia mkiani."

"Mkia pia iko nyama," alijibu, na wenzake wakacheka, na mimi nikapanda lori la Haji nikarudi Kasese na hasira zangu. Miezi mitatu hatukusemezana.

Lakini na mji wangu niuseme, nisionekane naupendelea. Kasese tulikuwa na ujinga wetu. Kila mtu alijua sheria kwamba stelingi hafi. Ikitokea filamu iliyovunja sheria hiyo, walinilaumu mimi. Jumamosi moja stelingi alikufa dakika tano kabla ya mwisho, na koplo mmoja wa jeshi akasimama viti vya nyuma.

"Wewe Musemaji! Rudisha nyuma!"

"Afande, filamu imekwisha."

"Sema ndiyo afande. Hiyo mutu hapana kufa. Rudisha!"

Mwenye mashine hakungoja niamue. Akarudisha mkanda wa mwisho mpaka mahali stelingi yuko juu ya farasi anamkimbilia adui, akauendesha kidogo, akazima. Stelingi mzima. Koplo akavaa kofia, akatoka na watu wake wameridhika. Nilimdharau kuliko nilivyowahi kumdharau Mfaransa wa sigara. Usiku nilimsimulia mke wangu, tukamcheka mpaka mtoto akaamka.

Miaka hiyo ilikuwa inazidi kuwa mibaya, na watu walizidi kuja sinema. Baba alikonda. Mama aliniambia kwamba anatumwa mtoni mara nyingi. Sikuuliza mtoni kufanya nini, maana kila mtu alijua kilichokuwa kinatolewa mitoni. Nikatuma salamu kwa dereva wa Haji: mwambie baba kiti cha mbele bado ni chake.

Akaja. Ilikuwa Jumamosi ya mvua ya asubuhi, na saa saba na nusu nilimwona amesimama mlangoni pa ukumbi, amevaa koti na kofia ya pama, tiketi mkononi. Alikuwa amelipa. Mwuza tiketi alikataa fedha yake akaambiwa anyamaze. Nikamwongoza mpaka mbele.

Filamu ilikuwa ya Kihindi, na nilishaiona Ijumaa kwa majaribio, takataka kama zingine. Dereva wa lori anampenda mwalimu wa shule. Baba wa mwalimu anataka mkwe mwenye elimu. Dereva anajifunza kusoma kwa siri, anasoma vibao vya barabarani kwa sauti huku anaendesha, anagonga duka la matunda. Mwishowe anaandika barua kwa mkono wake mwenyewe, yenye makosa, na mzee anaisoma mbele ya wageni, anatoa kalamu, anasahihisha makosa yote, kisha anaandika chini: nimekubali. Wanaoana. Hapo ndipo nusu ya kwanza inapokatwa. Katika nusu ya pili dereva anaona mauaji barabarani, anakataa kunyamaza, na waliofanya wanakuja kumchukua nyumbani.

Sijawahi kusema kama nilivyosema siku ile. Vibao vya barabarani niliviita majina ya njia yetu, Hima, Kikorongo, Katwe, na madereva waliokuwamo wakapiga viti. Ile barua niliisoma kwa Kiswahili kibovu chenye makosa ya kambini kwetu, makosa ambayo baba yangu aliyafanya kila alipofungua mdomo, na nikaogopa nimevuka mpaka. Nikamtazama. Alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, anacheka mpaka kofia imedondoka. Wakati wa harusi alipiga makofi peke yake, kabla ya wengine.

Taa zikawashwa. Watu wakatoka kwenda kwenye mihogo. Baba akaokota kofia, akaipangusa, akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umesema vizuri," alisema. "Hiyo iko kazi."

Basi, nilikuwa nimelipata. Na ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini nikamwona anafunga vifungo vya koti.

"Unakwenda wapi, Baba? Bado nusu nzima."

"Mimi natosha."

"Hii si Bwera. Hapa hujaona mwisho."

"Mwisho najua."

"Huujui! Utaujuaje?"

Alinitazama bila hasira. "Mimi kazi yangu iko mwisho tu," alisema. "Jumatatu nachukua mutu mtoni. Jumanne nachukua mwingine. Naandika: mwanaume, urefu hii, shati rangi hii. Nani alikuwa? Alicheka juu ya nini? Hapana mutu nanionyesha. Kule Bwera nanionyesha. Naona kwanza amekufa, halafu naona alikuwa naoa, alikuwa naandika barua. Naenda lala na mutu muzima."

Nilikasirika. Hilo nalisema wazi kwa kuwa ni langu na halina mwingine wa kulibeba. Miaka yote nimemngoja, na sasa anatoka katikati, mbele ya watu wote, kama mtu aliyeona filamu ni mbaya. Nilimwambia Bwera imemharibu. Sikumsindikiza. Nilisimama kwenye kizingiti cha ukumbi na kipaza sauti changu kilichozimwa, nikamtazama akivuka uwanja wenye matope kwenda kwenye pikapu ya Haji, ambayo ilikuwa inapakiwa masanduku ya nusu ya kwanza kupelekwa Kikorongo.

Dereva akamfungulia mlango. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo baba akayapokea masanduku mapajani, matatu, akaweka kofia yake ya pama juu ya la mwisho. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Hii naona tena kule," alinipigia kelele, akigonga bati kwa vidole. "Saa kumi na nusu. Naona harusi mara mbili!"

Dereva aliuliza ni harusi gani, na baba akaanza kumsimulia: kwamba dereva mmoja wa lori, mutu kama wewe, hapana jua kusoma, aligonga duka la matunda. Pikapu ilikataa kuwaka, watu wanne wakaacha mihogo yao wakaisukuma. Yaliyofuata, ya gari lisilo na namba, nimekwisha kuyasema huko juu, sirudii. Ilipowaka, baba alikuwa amefika kwenye barua, na alikuwa anacheka.